Misukule Watatu Katika Theluji ya Uskoti

Nyinyi wa Jumamosi, mnaokutana ukumbini pale Woolwich, mmekuwa mkiniuliza habari hii kwa miaka, na mie nimekuwa nikikupeni vipande vipande: leo cha mbwa, wiki nyingine cha suti, kutegemea chai iliyobaki kwenye birika. Matokeo yake niliyasikia kwenye harusi ya binti wa shoga yetu Rukia. Mwanangu Nasra alikuwa akiwasimulia wenzake kwa Kiingereza kwamba mama yake alipotea Ncha ya Kaskazini akapigana na dubu. Hakukuwa na dubu. Kulikuwa na kondoo, na hata hao hatukupigana nao. Basi nimeona niandike mwenyewe, na niandike kwa Kiswahili, kwa sababu maneno yenye uzito siku ile yalisemwa kwa Kiswahili. Mama Furaha mnamjua. Bwana Amirali wengine hamkuwahi kumwona, na sasa hamtamwona tena, Mungu amrehemu.

Mambo ya kujiandikisha nayaruka. Inatosha mjue kwamba mwishoni mwa miaka ya tisini kijana mmoja alipita soko la Woolwich akitafuta watu wa kuonekana kwenye filamu. Hadithi ilihusu meli iliyozama kwenye pwani ya barafu, imejaa abiria wa kila taifa. Abiria wote wanakufa, kisha wanafufuka na kuwaandama watu wachache waliobaki hai. Sisi tungekuwa abiria. Mie nilikuwa nimekaa Uingereza miaka kadhaa bila kutoka nje ya London. Nilijua njia ya kwenda kwenye nyumba ya wazee nilikofanya kazi, na njia ya kurudi. Mama Furaha, jirani yangu wa ghorofa ya juu, mtu wa Bukavu, alikuwa akisafisha maofisi alfajiri. Alinigongea akasema yeye anakwenda, na mie niende, angalau tuione hii nchi tunayoifagia. Dada yangu akakubali kukaa na watoto, ingawa aliona ni kituko mtu mzima kwenda kuwa maiti katikati ya Ramadhani.

Kutoka Woolwich hadi mpakani

Basi lilituchukua asubuhi, likaizunguka London nzima kuokota watu. Mwisho lilisimama Queensbury, akapanda mzee wa Kihindi, mwembamba, kavaa suti ya kijivu iliyonyooshwa vizuri na tai nyekundu, sanduku mkono mmoja na chupa ya achari mkono wa pili. Akakaa nyuma yetu kimya. Mie na Mama Furaha tulikuwa kwenye ubishi wetu wa siku zote, wa chakula. Yeye alibeba sombe, yaani kisamvu, na samaki wakavu na bonge la fufu, ugali wa muhogo. Mie nilibeba sambusa za kufuturia, kwani ingawa msafiri ana ruhusa ya kula, mchana wa Disemba ni mfupi mno, nikaona haya kuacha kufunga. Aliniambia sambusa si chakula, ni kitu cha kuonja ukingoja chakula.

Tulipokwisha kuingia barabara kuu ya kaskazini, sauti ikatoka nyuma, Kiswahili cha bara kisicho na doa.

"Samahani kina mama. Hizo sambusa ni za nyama au za dengu?"

Tukageuka sote wawili. Bwana Amirali alizaliwa Mwanza, akauza vitambaa huko mpaka mwanzoni mwa miaka ya sabini, ndipo akaja Uingereza na mkewe Shirin. Walikuwa wakisema Kiswahili nyumbani pale walipotaka watoto wasielewe. Shirin alifariki mwaka uliotangulia safari yetu, na tangu hapo, alituambia, hakuwa amepata wa kusema naye. Alitamka maneno taratibu, kama mtu anayeonja chakula cha utotoni aone kama ladha ni ile ile.

Tulimwuliza suti ya nini. Akasema ameajiriwa kuwa baba. Kwenye simu alisikia "dad". Mama Furaha alinitazama, nami ikanibidi nimweleze kwamba neno lilikuwa "dead", maiti, kama sisi. Aliinyoosha tai yake. Kisha akasema hata maiti alikuwa baba wa mtu, na suti yake haivui.

Kutoka hapo tukaanza kutafuta jina la hicho tunachokwenda kuwa. Mie nilisema sisi ni mizuka. Mama Furaha akasema kwao wangeitwa bazimu. Bwana Amirali akasema hapana, mzuka hauna mwili. Wafu wanaotembea na kufanyishwa kazi bila kujua wanakwenda wapi, kule Mwanza waliitwa misukule. Mama Furaha aliuliza kama hao misukule huamshwa saa kumi alfajiri kupanda basi la kwanza kwenda kufagia maofisi. Bwana Amirali akasema bila shaka. "Basi hii kazi tunaijua," akasema Mama Furaha, na tulicheka mpaka watu wa viti vya mbele wakageuka.

Kwenye kituo cha kupumzikia, Mama Furaha alimwomba binti wa mkahawani ampashie sombe lake. Harufu ya samaki wakavu ilijaa ukumbi mzima, familia moja ikahama meza mara mbili. Yule binti alilirudisha bakuli huku amelishika mbali na uso, akauliza kwa upole kama tuna hakika halijaharibika. Bwana Amirali, ambaye hakuwa amegusa sombe tangu ujana wake, alilimaliza karibu lote.

Mji wa chipsi

Tulipovuka mpaka wa Uskoti basi likaanza kukohoa, na katika mji mmoja mdogo likazima kabisa. Dereva alisema fundi yuko njiani. Theluji ilikuwa imeanza, na haikuwa hii ya London inayogeuka matope kabla hujampigia mtu simu kumwambia. Ilishuka kubwa kubwa, bila sauti. Mama Furaha alikuwa ameiona mvua ya kila namna, lakini hii aliipokea kwa kiganja, akaitazama ikiyeyuka, akaipokea tena.

Penye mwanga palikuwa na duka moja tu, la samaki na chipsi. Mwenyewe alikuwa mtu mnene mwenye uso mwekundu. Nilimwomba pembe ya kuswalia, akaniuliza kama tumefiwa. Nilipomweleza, alinifungulia stoo ya viazi. Nikamwambia natafuta kusini mashariki, ndiko kibla. Alitoka nje barabarani akasimama kwenye theluji na aproni yake, akarudi akanyoosha mkono: London iko kule, basi mie nielekee kushoto yake kidogo. Niliswali katikati ya magunia.

Alipojua nimefunga, alichukua gazeti akatafuta saa ya kuzama jua, kwa kuwa jua lenyewe hatukuwa tumeliona tangu adhuhuri. Nikamwambia pia kwamba mafuta yake ya kukaangia, yaliyokuwa ya ng'ombe, siwezi kuyala. Hakuuliza kwa nini. Aliingia ndani akatoka na kikaango cha mkewe na chupa ya mafuta ya alizeti, akanikaangia samaki peke yake. Wateja walikuwa wamepanga foleni hadi mlangoni. Saa ilipofika aliwaambia wote wangoje, akaniwekea sahani mbele, na hakumhudumia mtu mpaka alipoona nimetia tonge mdomoni. Bwana Amirali alisema kama kufunga kwenyewe ndiko huku, basi angehamia Uskoti zamani. Miaka yote hii nimekula samaki wa kila aina, na yule bado namkumbuka.

Pwani ya wafu

Kijiji cha kupigia filamu kilikuwa mwisho wa nchi kabisa, nyumba chache za mawe zisizo na mapaa, zilizohamwa zamani, na bahari ya rangi ya risasi chini yake. Upepo ulikuwa haupumziki. Wapambaji walitupaka uso rangi ya majivu na midomo ya buluu, wakatubandika majeraha ya mpira. Mie nilipewa kovu la shingo. Mama Furaha alipata jeraha kubwa shavuni, jekundu, lililomfanya kila mtu anayepita aangalie pembeni. Wenzetu wote walivaa fulana nzito za ndani chini ya nguo zilizochanika. Suti ya Bwana Amirali ilikuwa imemkaa sawasawa, haikuruhusu kitu chini yake. Wapambaji waliipenda hivyo hivyo, wakaimwagia vumbi tu. Nilimwomba avae angalau fulana moja. Akasema Shirin ndiye aliyeichagua suti ile, na hakuichagua ivaliwe na fulana.

Mwongozaji alikuwa msichana mrefu mwenye kofia ya manyoya na adabu nzuri. Alitueleza kwamba maiti wote watalala kwenye theluji, kisha wataamka kwa pamoja. Tukalala. Mama Furaha akabaki amesimama. Waliita mara ya pili, akabaki vile vile, mikono ameikunja. Nikainuka kumfuata.

"Mwambie nitatembea," aliniambia. "Akitaka nitembee mpaka giza, nitatembea. Kulala chini, hapana."

Nilimwuliza kama anaumwa. Ndipo akaniambia, macho yake yakiwa baharini, kwamba vita vilipofika kwao walikimbilia msituni, wakatembea siku nyingi. Kaka yake mkubwa aliomba apumzike kidogo, akalala chini, hakuamka tena. Yeye alikaa naye mpaka wenzake walipomvuta. Tulikuwa tumekaa nyumba moja miaka, tukiazimana chumvi na sufuria, na hilo sikuwa nalijua.

Mwongozaji sikumwambia hayo. Nilimwambia tu kwamba mwenzangu hawezi kulala, lakini atatembea. Alifikiri kidogo akasema vizuri, basi yeye atatokea mbali peke yake, atakuwa wa kwanza kuonekana. Wakampeleka juu ya kilima, akaanza kushuka kati ya nyumba zile zilizobomoka, pole pole, bila kuinua mikono kama sisi tulivyofundishwa. Alikuwa anatembea tu. Mwongozaji alitaka arudie, na arudie tena, na kwa ajili hiyo basi kubwa liliondoka na wengine wote, tukabaki sisi kusubiri gari dogo. Bwana Amirali angeweza kwenda nao. Alikataa, akasema haondoki akawaacha kina mama peke yao mahali kama pale.

Njia ya nyikani

Gari letu lilikuwa landirova, na dereva wake Ewan, jitu lenye ndevu, mzaliwa wa huko, msemaji mchache. Hatukusimama kunawa, kwa kuwa maji ya moto tuliambiwa yako hotelini. Njia ilipita kwenye nyika tupu isiyo na mti. Theluji ilikuwa inapita ubavuni sasa, haishuki tena, na mbele ya taa hapakuonekana kitu isipokuwa weupe. Ewan alipunguza mwendo mpaka tukawa kama tunatambaa. Kisha gari likateleza taratibu, likaingia mtaroni, likalala upande.

Hakuna aliyeumia. Ewan alijaribu kulitoa akashindwa. Simu yake haikushika. Theluji ikaanza kuziba ekzosi, akazima injini, akasema moshi ukirudi ndani utatuua haraka kuliko baridi. Alisema ng'ambo ya kilima kuna nyumba moja, lakini ni heri tungoje upepo utulie. Tukangoja, tumebanana kiti cha nyuma, Bwana Amirali katikati. Alikuwa anatetemeka hata meno yanagongana, na huku akitusimulia habari za duka lake Mwanza, khanga zilivyokuwa zikiwasili na wanawake wanagombea pea ya kwanza. Baadaye akanyamaza. Nilidhani amechoka. Nilimtazama uso, ulikuwa wa majivu na midomo ya buluu, na sikuona ajabu, kwa sababu na Mama Furaha alikuwa hivyo hivyo, na mie nilikuwa hivyo hivyo.

Kilichonishtua ni tai. Aliilegeza, akaanza kuvua koti, akilalamika kwamba dukani pana joto. Akanigeukia.

"Shirin," alisema, "umefunga mlango wa nyuma?"

Nilimshika mkono. Ulikuwa kama kitu kilichotoka kwenye friji, na haukutetemeka tena. Kwenye nyumba ya wazee tuliwahi kumkuta bibi mmoja bustanini asubuhi ya baridi katika hali ile, na nilikumbuka jinsi naye alivyokuwa akivua sweta. Nikamwambia Ewan huyu mzee anakufa. Ewan alimulika tochi usoni mwa Bwana Amirali, kisha usoni mwangu, akasema mbona nyote mnafanana. Nikalowesha pembe ya mtandio wangu kwa mate, nikamfuta midomo. Rangi ya buluu ikatoka, ikabaki kwenye mtandio. Chini yake midomo yenyewe ilikuwa buluu.

Ewan alivua koti lake kubwa, akamvika, akasema twende ile nyumba.

Mama Furaha ndiye aliyembeba kwanza. Alishuka, akageuza mgongo, akasema nimpandishe, nikampandisha, tukamfunga na kitenge chake kiunoni kama mtoto. Ewan alitangulia na tochi kutafuta njia kwa miguu yake, na mie nilikuwa nyuma nikisukuma. Theluji ilifika magotini, pengine zaidi. Sikuwa nasikia vidole. Tulipofika mgongoni mwa kilima Bwana Amirali akaanza kuomba, kwa sauti ya upole kabisa, kwamba ashushwe akae kidogo tu, halafu tutaendelea.

"Hapana kukaa, Baba," Mama Furaha akamwambia. "Tunaenda."

Aliomba tena, na akajibiwa vile vile. Nilimsikia akiyasema maneno hayo kilima kizima, bila hasira, pumzi ikimwisha, na hata Ewan alipompokea mzigo, yeye alitembea kando ya uso wa mzee akiendelea kumwambia. Niliogopa siku ile kuliko siku yoyote ya maisha yangu, na lililonishika nisianguke ni ile sauti. Kisha tukaona taa.

Nyumba ya Bi Morag

Aliyefungua alikuwa mwanamke mzee mno, mfupi, kashika taa ya mafuta. Umeme ulikuwa umekatika na simu yake imekufa kwa dhoruba. Mbwa wake alitutazama mara moja akaenda chini ya meza. Fikirini alichokiona: maiti wawili wa kike, weusi waliopakwa majivu, mmoja shavu limefunguka, na jitu lenye ndevu limebeba maiti wa tatu aliyevaa tai. Nisingemlaumu kama angeufunga mlango. Aliuliza swali moja tu.

"Ni meli gani?"

Sikumwelewa, na Ewan hakuwa na pumzi ya kujibu. Yule bibi, Bi Morag, alikuwa ameshamshika Bwana Amirali mkono, anamvuta ndani.

Nilifanya kama nilivyofundishwa kazini. Tulimlaza karibu na jiko, si karibu sana. Nikageuka ukutani Ewan alipomvua nguo zenye unyevu. Niliwakataza kumsugua na kumpa chochote cha kunywa kwanza. Ewan akavua shati lake mwenyewe, akaingia naye chini ya mablanketi, akamkumbatia kwa nyuma bila kuona haya. Bi Morag akamwita mbwa kwa lugha yao ya huko, na mbwa akaja akajilaza mbele ya kifua cha mzee. Mama Furaha alikaa sakafuni, ameishika miguu yake miwili kwa juu ya blanketi. Macho yake hayakutoka pale.

Muda ulipita. Nilikumbuka kwamba sijafuturu, nikanywa maji, nikaswali pembeni. Nilipotoa salamu nilimwona Bi Morag amejaza beseni maji ya vuguvugu, na pembeni ana shuka jeupe alilolichana vipande virefu. Alipiga magoti mbele ya Mama Furaha akaanza kumwosha jeraha. Alilisafisha kwa uangalifu mkubwa, akipuliza, akinong'ona maneno ya kumtuliza. Mama Furaha hakujua la kufanya, akamwachia. Mara jeraha likabanduka zima zima, likaanguka ndani ya beseni, likaelea.

Bi Morag alilitazama. Akalitazama shavu, zima, halina hata mkwaruzo. Akarudi nyuma akakaa kitini, mkono kifuani, na nilihofia tumemwua mwenye nyumba. Ewan, huku amemkumbatia mzee, akamweleza habari ya filamu. Ilichukua muda kueleweka. Mwishowe Bi Morag akasema alidhani tumetoka baharini. Alipokuwa mtoto mdogo, meli ilivunjika kwenye majabali chini ya kilima, na mabaharia waliosalimika walipanda mpaka mlango huo huo katika dhoruba kama ile. Baba yake aliwaingiza mmoja mmoja, na mama yake alichana mashuka. Wengine walifia njiani, karibu kiasi cha kusikia wakiitwa kutoka mlangoni. Tangu hapo, upepo ukivuma hivyo, yeye huweka taa dirishani.

Alitupa supu ya shayiri na mboga na mkate mgumu wa unga wa shayiri, akanihakikishia kwanza kwamba haina nyama. Nilikuwa nakunywa supu ile, nikimtazama Bwana Amirali, pale alipoanza kutetemeka. Mwanzo bega, kisha mwili wote, mpaka mbwa akainua kichwa. Sijawahi kufurahi hivyo kumwona mtu akitetemeka. Akafumbua macho. Mie na Mama Furaha tulikuwa tumemwinamia, nyuso zetu zimechujuka majivu na buluu, na nyuma yetu taa ya mafuta.

"Nimekufa?" akauliza.

"Hapana, Baba," Mama Furaha alimjibu. "Sisi ndio tulikufa. Weye bado."

Bwana Amirali akauliza ni nani huyu aliyemlalia mgongoni, na ana ndevu. Hapo Mama Furaha akaanza kulia. Alilia kwa muda mrefu, na Bi Morag, ambaye hakuwa ameelewa hata neno moja, alikaa kando yake sakafuni akampa kile kitambaa cha shuka kilichochanwa.

Kurudi, na baada ya kurudi

Asubuhi trekta la kusukuma theluji lilifungua njia, na daktari akaja nyuma yake. Alimpima Bwana Amirali akasema ataishi, ila akapumzike hospitalini Inverness. Mwanawe alipanda ndege kumfuata. Sisi tulirudi na basi, safari isiyo na la kusimulia: mvua, magari, mtu mmoja aliyekoroma kutoka mpakani hadi London.

Filamu tuliiona kwa kanda, sebuleni kwa Mama Furaha, watoto wake na wangu wamejazana zuliani. Mie sikuonekana kabisa. Bwana Amirali alionekana mkono. Lakini Mama Furaha yupo, mbali sana mwanzoni, anashuka kilima katika weupe, na watoto wakamwambia kwa Kiingereza kwamba anatisha. Akawajibu hakuwa akitisha, alikuwa na baridi.

Kwa Bi Morag tulipiga simu kila Disemba mpaka mwaka mmoja ikapokelewa na mtu mwingine. Bwana Amirali yeye alikuja kwetu Idi ile ile, amevuka London yote kutoka Queensbury na boksi la mithai, vitamutamu vya Kihindi, kavaa koti zito na chini yake, alituonyesha, fulana. Akaja kila Idi iliyofuata. Mama Furaha, mtu wa kanisani, ndiye aliyekuwa anapika siku hiyo, na hakukubali tumsaidie. Tulikuwa tunakaa jikoni mpaka jioni. Ndizo siku ninazozikumbuka sasa kila nikipita kwenye ile nyumba yetu ya zamani, ambayo imeshabomolewa nusu na kupakwa rangi nyingine.

Miguu ya Bwana Amirali ilipochoka, sisi ndio tukaenda kwake. Idi ya mwisho tulimkuta amekonda, anatembea kwa fremu, ile ya vyuma ya wazee, lakini kanyoa vizuri. Tulikula, tukazungumza mambo yasiyo na maana yoyote, bei ya samaki, nani kaolewa, nani karudi kwao. Tulipoaga alisema atatusindikiza hadi kituo cha basi. Mwanawe alimkataza. Hakumsikiliza. Njia ya kutembea kidogo ilituchukua muda mrefu, naye njiani akitutajia nyumba za majirani.

Tukakaa kwenye benchi, yeye katikati. Basi likatokea kwenye kona. Nilisimama, nikaweka pochi begani. Bwana Amirali akalitazama akasema hilo limejaa, afadhali tungoje la nyuma yake. Halikuwa limejaa. Nikakaa.

La nyuma yake lilipokuja, Mama Furaha ndiye aliyetangulia kusema kwamba nalo limejaa. Ndani mlikuwa na dereva na abiria wawili. Dereva alisimama, akatufungulia mlango, akatutazama watatu tulivyokaa, kisha akaufunga, akaenda zake.